Kibanda Alichotaka Kivunjwe

Mji wetu wote ulimjua mjomba wangu kwa jina la Ngojangoja, jina ambalo mwenyewe hakulipenda hata kidogo. Alibandikwa na madereva wa malori aliokuwa akiwazuia kwenye geti la reli. Geti hilo alilifunga mapema kuliko walivyotaka na kulifungua pale roho yake iliporidhika. Walimpigia kelele kutoka chini kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Naye, kutoka dirishani juu, aliwajibu kwamba afadhali tumbo linalouma kuliko tumbo lililopitiwa na treni.

Alikuwa mwongoza ishara. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa stesheni, pale reli mbili zinapokutana. Tulikiita kibanda kwa mazoea tu, maana kilikuwa chumba cha mbao kilichokaa juu ya ukuta wa matofali, chenye madirisha pande tatu na ngazi ya nje iliyosimama wima kama ina ugomvi na magoti ya watu. Ndani kulikuwa na nyenzo za chuma zilizojipanga kama askari wa gwaride, nyekundu za ishara na nyeusi za kuhamisha reli. Akivuta wenzo mmoja, waya ulikimbia kando ya njia hadi mbali kabisa, na bamba likainuka mlingotini kumwambia dereva wa treni apite. Jua likiwaka waya ulilegea, ikabidi avute kwa mwili mzima. Baridi ikiingia ulikaza, na mvua ikinyesha paa lilimvujia kisogoni. Chuma hakukigusa kwa kiganja kitupu. Alikuwa na kitambaa begani cha kushikia, kwa sababu jasho huleta kutu, na mjomba alivumilia mengi maishani mwake ila kutu.

Mkewe, ambaye tulimwita mkaza mjomba mbele ya wageni na mama tulipokuwa na njaa, alikiita kibanda kile mke mwenza. Hakukisingizia. Siku ya harusi yao, mwenzake wa kumpokea zamu aliugua, na bwana harusi akabaki kazini ndani ya suti yake. Bibi harusi alikuwa akija na treni ya mchana pamoja na wazazi wake. Ikatokea treni ya mizigo imejaa saruji, na kwa utaratibu wa siku ile saruji ndiyo iliyotangulia. Mjomba akaisimamisha treni ya abiria karibu na dirisha lake, akamwacha mchumba wake na shela lake juani mpaka mfuko wa mwisho upite. Mama mkwe alichomoa kichwa behewani, akamwona mkwe mtarajiwa kule juu, akampungia mkono kwamba afungue njia. Mjomba alimwamkia kwa adabu zote, na njia hakuifungua. Ndoa ilifungwa jioni. Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo bila kumsifu mkwewe hata mara moja, ingawa saruji, kwa habari tulizozipata, ilifika salama.

Kisha zikaja taa za umeme. Ishara zikawa zinaendeshwa na vijana waliokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi katika mji mwingine kabisa, watu ambao hawakuwa na haja ya kuiona treni ili kuisimamisha. Mjomba akastaafu. Kibanda kikatiwa kufuli, popo wakahamia bila kuomba ruhusa ya mtu, na baada ya miaka kadhaa shirika la reli likatangaza kwamba kitavunjwa ili yapatikane maegesho ya magari.

Hapo ndipo mji ulipogundua kwamba unakipenda. Iliundwa kamati ya kukiokoa. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mstaafu ambaye, enzi zake, alichelewa shuleni asubuhi nyingi kwa sababu ya geti lile na akamlaani mjomba mbele ya darasa zima. Madereva wa malori waliozeeka nao walijiunga, wakawa wanasimulia kwa sauti za kutetemeka jinsi walivyokuwa wakisubirishwa. Aliyeshangaza watu zaidi ni mkaza mjomba. Alihudhuria kila kikao, akakaa mstari wa mbele, na kumtetea mke mwenza wake kuliko wote.

Mtu mmoja tu alikuwa upande wa maegesho.

“Kivunjwe,” alisema mjomba, tulipokuwa mezani kwake tukila. “Tena mapema, kabla hakijamwangukia mtu.”

Mkewe aliweka kijiko chini. Alimwambia kwamba ameishi na kibanda kile kuliko alivyoishi naye, na sasa kwa kuwa hatimaye yeye amekizoea, mume ndiye anataka kukiacha. Mjomba aliomba aongezewe mchuzi.

Kamati ilimwalika azungumze kwenye mkutano mkubwa, katika ukumbi wa kusubiria abiria. Nilimsindikiza mimi. Mwenyekiti alimkaribisha kwa maneno matamu, akamwomba awaeleze vijana uzuri wa maisha ya zamani kule juu, peke yake na kengele na treni zake. Mjomba alisimama, akakohoa, akashikilia kiti cha mbele yake.

“Nilikuwa naogopa,” alisema.

Watu wakadhani anatania, wengine wakacheka. Alisubiri wamalize, kusubiri alikuwa anakujua. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba kila alipovuta wenzo aliwaza watu waliosinzia mle behewani na watoto mapajani, na kwamba mkono wake ukikosea mara moja tu hakuna wa kuurudisha. Alisema hakuwahi kumaliza chakula alichobebewa kutoka nyumbani, alikuwa akiwamwagia ndege. Alisema waliomwona kule dirishani na uso wa mbao walidhani ni kiburi. Alishukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa mikononi mwake, kisha akaketi.

Mwenyekiti akampa mkono na kumshukuru kwa kumbukumbu zile nzuri, na kamati ikapitisha kwa kauli moja kwamba kibanda kihifadhiwe. Shirika likakubali, wakapaka rangi, wakafukuza popo, wakapigilia kibao mlangoni kisemacho: Hapa mzee wetu alifanya kazi kwa furaha.

Tuliporudi nyumbani siku ile ya mkutano, mkaza mjomba alimsimamisha mumewe mlangoni.

“Miaka yote hiyo. Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia, tungekuwa wawili tusiolala.”

Asubuhi yake mkaza mjomba alikwenda kwa mwenyekiti kusema amebadili mawazo, kibanda kivunjwe. Akaambiwa amechelewa.

Siku ya uzinduzi walipanda ngazi pamoja, yeye akimshika mumewe mkono, au mumewe akimshika yeye. Kwa magoti yale ilikuwa vigumu kujua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika juu, maana zamani wageni hawakuruhusiwa, na mke alihesabiwa mgeni. Alizunguka, akachungulia kila dirisha, akashika wenzo mwekundu na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Haukutikisika hata kidogo. Akaurudia, kisha akageuka kumtazama mumewe kama anayetaka kumwuliza jambo.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha zamani. Treni ya mchana ilipita chini yetu, madirisha yakatetemeka, na yeye hakunyanyua hata kope. Mwenyekiti alikuwa katikati ya hotuba yake kuhusu watu wa zamani waliokuwa macho muda wote kwa ajili yetu, ndipo ule mkoromo ulipoanza, mnene, wa mtu asiye na deni na yeyote. Wageni wakatazamana. Mwenyekiti akapandisha sauti ili asishindwe.

Mkaza mjomba alimsogelea, akamgusa kiwiko.

“Mwalimu,” alimwambia, “ongea polepole. Mzee amelala.”