Bosi Aliposema Hapana

Kwenye karakana moja ya kushona sare, mtaa wa Tangini, Kibaha, mafundi na meneja wao husoma pamoja kitabu cha uongozi kila Ijumaa mchana. Juzi walinialika. Sura ilihusu ukweli, meneja akauliza, "Haya, mimi nawadanganya wapi?"

Mama mmoja wa cherehani akavua miwani. "Bosi, ukisema 'tutaliangalia', tunajua umeshakataa."

Wote wakacheka, isipokuwa yule mama. Akauliza, "Na lile ombi letu la feni?"

"Tuta..." Meneja akajiziba mdomo kwa kiganja, kisha akakishusha. "Hapana. Mwaka huu haiwezekani. Mwakani nitalipigania mwenyewe."

Makofi yakalipuka. Nikajivunia Kibaha yangu: watu wanamshangilia bosi aliyewanyima feni, huku wakijipepea kwa vitabu vyao.