Mnunuzi Ni Mama Byron

Nimekuwa karani wa wakili Sifuna hapa Eldoret kwa miaka kumi na minne, na nimesoma makubaliano ya kila aina. Nimesoma yaliyoandikwa nyuma ya kalenda, na mengine kwenye karatasi ya kufungia sukari. Watu wetu wakinunua simu watadai risiti, watadai waranti, na muuzaji watampiga picha. Wakinunua mahali pa kuishi maisha yao yote, wanashikana mikono na kunywa chai. Jambo hili hunikera, na sifichi.

Kwa hiyo mwezi wa Machi, Nakhumicha Lusweti alipopanda ngazi zetu na kutoa karatasi moja ya daftari kutoka ndani ya Biblia, nilijua asubuhi yangu imeharibika.

Nilimfahamu kwa sura. Anafuma sweta za shule kule Kapsoya, na kwa baridi ya mji huu hajawahi kukosa kazi. Alikuja hapa msichana kutoka upande wa Bungoma, akafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na kilipopunguza watu alitoka na ujuzi wake akajinunulia mashine ya kufuma. Sweta za wanangu wawili ni za mkono wake. Majirani wote humwita Mama Ashley, kwa jina la binti yake aliyemlea peke yake.

Nikaisoma ile karatasi. Ilisema kwamba tarehe 11 Februari 2006, Mzee Kinyanjui wa Kapsoya amemuuzia Mama Byron kipande cha ploti yake, futi hamsini kwa mia, na hakuna deni. Mashahidi walikuwa wawili: Wachira, na Muthoni mke wa Kinyanjui. Hapakuwa na nambari ya kitambulisho cha mtu yeyote. Na mnunuzi naye, badala ya kutia sahihi yake, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MAMA BYRON.

"Mama Byron ni nani?" nikamuuliza.

"Ni mimi."

"Si wewe ni Mama Ashley?"

"Ni mimi tu, Bwana Oketch. Andika vile inatakikana."

Nilipandwa na hasira. Andika vile inatakikana! Kana kwamba sheria ni sweta, ikibana unaongeza nyuzi. Nilimweleza polepole, kwa ile sauti yangu ambayo mke wangu huichukia. Mzee Kinyanjui alishafariki, na faili la urithi wake lilikuwa ofisini kwetu. Ploti nzima bado ilikuwa kwa jina lake, na binti yake Betty ndiye aliyepewa na korti kazi ya kusimamia mali ya marehemu. Wiki iliyofuata Betty angepeleka kortini orodha ya mwisho ya mali hiyo. Kama Nakhumicha hangethibitisha kwamba kipande kile alikinunua, kingeingia kwenye orodha na kugawiwa watoto wa Kinyanjui, pamoja na nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga juu yake na mashine ikiwa ndani.

"Kwa hivyo nitatolewa?" akauliza.

"Kama Mama Byron hapatikani, ndiyo."

Alifunga Biblia yake, akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Nikampigia Betty simu. Yeye hukaa Nairobi, na nilitarajia maneno makali. Hakuwa nayo. "Mimi sina shida na Mama Ashley," alisema. "Nimemkuta hapo kila nikienda nyumbani. But kuna Mama Byron mwingine, ule ako na salon pale kona. Na Mzee Wachira alikufa kitambo. Korti ikiniuliza ni gani alinunua, nitasema nini? Ndugu zangu watasema nimegawa shamba ya baba na mdomo."

Alikuwa na haki. Nikamtafuta yule wa saluni. Ni msichana wa juzi, mwaka 2006 alikuwa bado anavaa yunifomu. Aliniapia hajawahi kununua hata uwanja wa kuku. Basi Mama Byron wa kweli alikuwa wapi? Nitasema ukweli, nilianza kumshuku Nakhumicha. Nilidhani labda karatasi ni ya mtu mwingine, dada au rafiki aliyehama, naye ameikalia tu.

Alirudi baada ya siku mbili. Safari hii aliweka mezani karatasi mbili nyingine, akazielekeza kwangu kwa mikono miwili. Moja ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha Byron, mama: Nakhumicha Lusweti. Ya pili ilikuwa kibali cha maziko, Agosti 2007. Umri, miaka sita.

"Alikuwa first-born wangu," akasema. "Ni kifua. Siku tatu tu. Tukitoka kumzika, kila mtu akaanza kuniita Mama Ashley. Hakuna mtu alikaa kikao akasema. Walinionea huruma tu. Mimi nami nikashukuru."

Mtaa mzima ulikuwa umelificha jina lile kwa upole, ili lisimchome kila anapoitwa dukani. Na kwa upole huohuo ukalificha jina la mnunuzi. Hapakuwa na tapeli hata mmoja, na hata hivyo nyumba ilikuwa inakwenda. Niliona aibu kwa ile sauti yangu ya juzi, na nilimwambia hivyo. Alisema haikuwa kitu, alishazoea makarani.

Wakili Sifuna alizisoma karatasi zile. Akasema Nakhumicha aape kwa maandishi kwamba yeye na Mama Byron ni mtu mmoja, na vyeti viambatanishwe. Lakini watoto wa Kinyanjui walihitaji pia kusikia kutoka kwa mtu aliyekuwepo siku ya kuuziana. Aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, Mama Muthoni, ambaye baada ya kufiwa na mumewe alihamia kwa dada yake kule Cheptiret. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Betty alionya kwamba siku nyingine hata wajukuu wake mwenyewe hawatambui.

Walimleta Ijumaa. Betty alimshika mkono huu, mimi ule, na ngazi zetu zile za kipuzi zikatuchukua robo saa. Nakhumicha alikuwa ameketi ndani, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Niliogopa kana kwamba mimi ndiye mwenye nyumba.

Mama Muthoni aliketi, akapumua. Wakili akaanza, "Mama, unamjua huyu..."

Hakumsikia. Alikuwa amekwisha kumwona.

"Mama Byron," akasema. "Umekonda."

Nakhumicha akaitika, "Naam, Mama." Akalia kwa sauti, bila kujificha, na Betty akalia naye. Mimi nilijifanya natafuta muhuri.

Bibi yule alikumbuka yote. Alikumbuka kwamba Kinyanjui alitaka kuuza bila kumwambia, naye akakataa mpaka aitwe atie sahihi. Alikumbuka kwamba siku hiyo walikula viazi, na kwamba mtoto alikuwa akikimbia akihesabu hatua za ploti, akisema hapa ni kitanda changu, hapa ni kitanda cha Mami. Nilichapa kila neno, hata la viazi. Betty aliweka sahihi kwamba kipande kile si cha urithi, kitahamishiwa kwa mnunuzi.

"Na kwa title," Nakhumicha akaniuliza, "jina ya Byron itaonekana?"

"Hapana, Mama. Hati ya umiliki inachukua jina la kitambulisho peke yake."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimrudishia ile karatasi ya daftari, akaitia ndani ya Biblia mahali pake.

Wakati wa kushuka, yeye ndiye aliyemshika Mama Muthoni mkono. Nilibaki juu mlangoni, nikawasikia wakienda ngazi moja moja.

"Mama Byron," bibi akauliza, "kijana sasa angekuwa na miaka ngapi?"

"Ishirini na nne," akajibu, bila kuhesabu.