Daftari Lisilo na Kosa

Kosa langu la kwanza, ambalo mengine yote yalilifuata nyuma, ni kwamba nilikuwa nachana kurasa. Kila ukurasa wa daftari wenye hesabu niliyokosa, neno lililokatwa au doa la wino, niliutoa. Sikuchana ovyo. Nililegeza zile pini mbili za katikati kwa ncha ya kisu, nikavuta karatasi nzima, nikazikunja pini tena mahali pake. Karatasi moja ya daftari ina kurasa nne, kwa hiyo kwa ajili ya kosa moja nilinakili upya kurasa tatu ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Nilifanya hivyo tangu nina miaka minane mpaka kumi na tatu, na nilijiona mtoto nadhifu kuliko wote katika mkoa wa Pwani.

Naandika haya nikiwa bado na hasira. Nakiri mapema kwamba sehemu ya hasira hiyo ni yangu juu yangu mwenyewe. Lakini si yote, na sitakubali kuibeba yote.

Baba alikuwa fundi wa visima. Vijiji vipya vilikuwa vinaanzishwa kila upande. Watu walihamishiwa penye barabara, na mara nyingi walikuta barabara ipo na maji hayapo. Hapo ndipo kikosi cha baba kilipotumwa: watu sita, lori moja, na kalibu za chuma za kumwagia pete za zege. Magindu tulikaa miezi minne. Tukaenda Mzenga, tukaenda Maneromango, tukarudi Mlandizi, tukapelekwa Maneromango tena kwa sababu kisima cha kwanza kilitoa maji ya chumvi. Ninasema "tuli" kwa sababu mama alikataa kuachwa nyumbani asubiri barua. "Sikuolewa na stempu," alimwambia baba. Kwa hiyo mama, mimi na mdogo wangu wa kike tulipanda lori pamoja na sufuria, magodoro na kalibu, na huko tulikokwenda tulipewa chumba kimoja cha ghala la kijiji, au turubai.

Shule tulijaribu. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye tulisemwa kana kwamba wazazi wangu waliidharau shule. Kila shule ilitaka barua ya uhamisho kutoka shule tuliyotoka. Shule tuliyotoka ilisema barua itafuata. Ilipofika, kama ilifika, sisi tulikuwa tumeshahama. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia mama mbele yetu, kwa upole kabisa, "Mama, watoto wako ni wa kupita. Siwezi kuandika watu wa kupita kwenye rejista."

Mama alikuwa amesoma mpaka darasa la nane, shule ya misheni, huko Tabora. Hakubishana. Alituongoza tukarudi kwenye lori, akaomba kifuniko cha sanduku la pampu, akasaga mkaa wa betri kuukuu pamoja na majani ya muhogo, akakipaka kifuniko mpaka kikawa cheusi tii. Chaki ilikuwa mabonge ya ule udongo mweupe wa Pugu. Dereva alituletea kikapu kizima. Unaandika vizuri, ila unakwaruza, na mdogo wangu alikuwa anaukwaruza makusudi ili anione ninavyokunja uso.

Tulisoma asubuhi mpaka jua la saa sita. Hesabu zetu zilitoka kisimani. Pete moja ya zege ina kimo cha nusu mita. Kisima kina pete kumi na nane. Maji yamefika pete ya tano kutoka chini. Kina cha maji ni mita ngapi? Jiografia tuliisomea juu ya lori, tukichora njia, mito na vilima vya Kisarawe, na mama alitaka tuseme upepo unatoka wapi kabla hajatupa chai. Siku betri zilipokuwepo tulisikiliza vipindi vya shule redioni, tumekaa chini ya lori kwenye kivuli, mafundi nao wakijibu maswali kutoka shimoni kwa kupiga kelele, na mara nyingi wakikosa.

Mdogo wangu alikosa kwa furaha. Madaftari yake yalikuwa na madoa ya utomvu wa korosho, michoro ya kuku, na alama za mama za wino mwekundu kila mahali. Alikuwa ananitania, "Kaka, wewe unaandika au unadarizi?" Mimi mkasi mmoja tu wa mama, ile alama nyekundu ya kukosa, ulininyima chakula. Sitanii. Nilikuwa sili mpaka niutoe ukurasa ule.

Daftari wakati ule halikupatikana hivi hivi. Ulipanga mstari kwenye duka la kijiji, na wakati mwingine ukafika mbele ukaambiwa yamekwisha. Mama alishangaa yangu yanaisha upesi vile na bado ni membamba. "Panya gani huyu anakula katikati ya daftari peke yake?" aliuliza. Kurasa zile nilikuwa ninampelekea bibi mmoja pale Mlandizi, Mzaramo, aliyeuza karanga kando ya barabara. Alizisokota kuwa vikaratasi vya kufungia karanga, na mimi alinipa konzi moja ya zilizovunjika. Kila tulipopita Mlandizi nilikuwa na bahasha ya makosa yangu ndani ya shati.

Nilipokuwa na miaka kumi na tatu, kikosi kilipewa makao Mkuza na baba akapata chumba cha kudumu. Tulifurahi. Mama alisema sasa ni zamu ya shule, na mimi nitaingia darasa la saba moja kwa moja, kwa sababu kazi yote ya darasa la sita nilikuwa nimeimaliza, na ya saba nusu. Nilitaka kitu kimoja tu: kukaa kwenye chumba cha mtihani wa darasa la saba mwaka ule, pamoja na wa umri wangu. Nilikuwa nimeshachonga penseli.

Kabla hatujakwenda wenyewe, mjumbe wa nyumba kumi alitufuata. Ilikuwa imetoka amri kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni, na alikuwa anapita mlango kwa mlango. Alitukuta saa nne asubuhi, mimi na mdogo wangu, tumekaa mkekani tunasoma.

"Ndugu mama," alisema, "hawa watoro wako nitawaandika."

"Mtoro ni aliyetoroka," mama akamjibu. "Hawa hamkuwahi kuwapa mahali pa kutoroka. Karibu chai."

Chai alikunywa. Majina akayaandika vilevile, kwenye orodha ya watoro.

Jumatano tuliitwa ofisi ya elimu, tuje na ushahidi wa hayo masomo ya nyumbani. Mama alivaa khanga mpya. Mimi nilibeba madaftari yangu saba nikiwa nimeyafunga kwa kitambaa, mdogo wangu akabeba yake ndani ya kikapu cha sokoni. Afisa aliyetupokea hakuwa mkali. Alifungua ya mdogo wangu kwanza. Alifunua, akacheka alipofika kwenye kuku, akafuata kwa kidole tarehe za mama, pata, kosa, rudia, pata.

"Huyu kasoma," alisema. "Mwalimu alikuwepo na mwanafunzi alikuwepo. Darasa la sita."

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilifurahi kwa ajili yake, nadhani kwa muda wa pumzi mbili. Halafu afisa akafungua yangu.

Alifunua la kwanza mpaka mwisho. La pili. Alilipima la tatu kiganjani, kama mtu anayepima nyama. Akamtazama mama, siyo mimi.

"Mama, haya umeandika wewe."

"Ameandika yeye."

"Basi amenakili. Miaka mitano, mtoto hakosi hata hesabu moja? Hakati hata neno? Hata mimi nakata." Alimwonyesha mama barua iliyokuwa mezani, na kweli ilikuwa imekatwa. "Halafu ona, yamepungua katikati. Kuna kitu kimeondolewa hapa."

Mama alinigeukia polepole. Sikuwahi kuona mtu akielewa jambo la miaka mitano kwa mara moja, mpaka siku ile.

Nilisimama. "Shikamoo, nina ombi. Niulize swali lolote. La darasa la saba. Niulize sasa hivi."

"Marahaba. Kaa chini, kijana. Hapa ni ofisi, si chumba cha mtihani."

Hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe. Ubao ulikuwepo ukutani nyuma yake. Chaki ilikuwepo. Swali moja lingechukua muda mfupi kuliko ule alioutumia kupima unene wa daftari. Lakini alichotaka si kujua kama ninajua. Alitaka karatasi inayosema kwamba ninajua. Alitupa mpaka Jumatatu tulete kitu kingine, la sivyo nitaanzia darasa la nne.

Tulipofika mlangoni kwetu, mama aliniuliza.

"Yako wapi?"

"Nini, mama?"

"Makosa yako. Niliyasahihisha kwa mkono wangu, nikakaa na macho yangu mabovu nikaandika tarehe. Yako wapi?"

Nikamwambia. Mdogo wangu alicheka, kisha akaona uso wa mama, akaacha.

Jumapili baba alinichukua kwa lori mpaka Mlandizi. Hakunifokea. Alisema tu, "Zege likipasuka hatulifichi, baba. Tunaliacha hapo wenzetu waone lilipopasukia." Halafu akawasha injini, na mimi nikatazama nje njia nzima.

Bibi alikuwa mahali pake. Baba ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, kwa hiyo tusingeweza kuanza na jambo letu.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na huyu mchimba mashimo? Mtani, bado hujafukiwa?"

"Nakungoja wewe utangulie, mtani, nikuchimbie vizuri," baba akasema.

Nilipomweleza nilichokifuata, bibi alishika mdomo. "Mwanangu weye! Makosa yako nimeshayauza. Yamepanda mabasi, yamekwenda Chalinze, yamekwenda Morogoro. Watu wamekula karanga wakakusoma." Alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Lakini alipoona silipokei hilo kama utani, aliinamisha kapu lake, akatafuta chini kabisa, akatoa karatasi tatu. Zilikuwa zimelowa mafuta, moja imekwisha sokotwa. Aliinyoosha pajani kwa kiganja. Alinipa na karanga, nzima safari hii.

Ya juu ilikuwa hesabu ya kisima. Nilikuwa nimehesabu pete kavu kutoka juu badala ya zenye maji kutoka chini, nikapata mita sita na nusu za maji kwenye kisima kilichokuwa na mbili na nusu. Mkasi wa mama, tarehe, na maneno yake: "Hapa wanakijiji watakunywa hewa. Rudia." Chini yake nilikuwa nimerudia, kwa mwandiko wa kitoto unaolala upande, nikapata. Nilisoma ukurasa ule ndani ya lori na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ulikuwa mzuri. Mtu yeyote mwenye macho angeona hapo mtoto akikosea na mtoto yuleyule akijifunza.

Jumatatu afisa aliushika kwa pembe, kwa vidole viwili.

"Hii imefungia karanga."

"Ndiyo," mama akasema. "Lakini soma."

Alisoma. Nilimwona akisoma, nilimwona akifika kwenye "watakunywa hewa" na midomo yake ikisogea. Alijua. Nitasema hivyo mpaka nife: alijua. Halafu akauweka chini, akafuta vidole.

"Siwezi kuweka kitu hiki kwenye faili. Kitachafua vingine."

Jumatano nilikuwa msafi mno. Jumatatu nilikuwa mchafu mno. Kwa huruma, alisema, ataniandika darasa la tano badala ya la nne. Mama alimshukuru, kwa sababu mama alikuwa mtu wa adabu. Mimi sikushukuru, na sijajutia.

Kwa hiyo nilikwenda shule nyuma ya mdogo wangu. Nilikaa miaka miwili nikifundishwa nilichokuwa najua, magoti yangu yakigusa dawati. Wenzangu waliniita babu. Siku moja mdogo wangu alimsikia mmoja wao uwanjani, akamwambia, "Huyo babu ndiye aliyenifundisha desimali nilipokuwa juu ya lori. Wewe umefundishwa na nani, mbona hujui?" Nilimwambia aache. Hakuacha.

Mtihani niliufanya nikiwa na miaka kumi na mitano. Mdogo wangu alikuwa ameufanya mwaka uliotangulia na kuchaguliwa kwenda sekondari. Mimi nilifaulu na sikuchaguliwa. Nafasi zilikuwa chache na umri wangu ulikuwa umezidi. Tangu hapo nimejisomea mwenyewe, kwa vitabu vya mdogo wangu anavyoniletea likizo, vyenye madoa yake pembeni. Sasa ninasoma masomo ya kidato cha tatu. Mama bado ananisahihishia hesabu, kwa miwani.

Bado siwezi kula nikiona mkasi mwekundu, hilo halijabadilika. Lililobadilika ni hili: sichani tena. Nikikosea napiga mstari mmoja juu ya kosa, naandika sahihi pembeni, naweka tarehe, na ukurasa unabaki ndani ya daftari.