Ritha wa vituo kumi na moja, mgeni kwa mwanawe

Saa tatu asubuhi, Masumbwe. Jua limeshapasha bati la kontena lililo nyuma ya maghala ya mpunga, na ndani yake feni zinavuma kiasi kwamba watu wawili wakitaka kuongea ni lazima wasogeleane. Ritha Maganga amepiga magoti mbele ya kabati la chuma lililojaa nyaya, kompyuta mpakato kaiegesha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mlinzi wa kituo, mzee Jilala, amesimama mlangoni, mikono kaificha nyuma.

"Mzee wangu, njoo uuchomeke ule waya," Ritha anamwambia.

"Upi?"

"Ule ule wa mwaka jana."

Mzee anacheka, kicheko cha mtu ambaye hajaona cha kuchekesha. "Mama Blessing, mimi waya siugusi tena. Nilishaapa."

Huwezi kumlaumu. Waya huo mmoja, urefu wake hauzidi mkono wa mtu, ndio uliowahi kunyamazisha huduma kuanzia Shinyanga mjini hadi Geita.

Kontena hilo ni kituo cha data. Humo zinatunzwa kumbukumbu za zahanati, za vyama vya akiba na mikopo, za wanunuzi wa pamba na za mabroka wa dhahabu. Kampuni inayomwajiri Ritha, ambayo imeomba isitajwe jina, ina vituo kumi na moja vya namna hiyo, na fundi wa mtandao wa vyote ni mmoja. Ni yeye, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye begi la mgongoni na viatu vyenye vumbi la wilaya tano. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hawakumjua mshika kumi na moja.

Haikuanza hivyo. Alipoajiriwa, vituo vilikuwa vitatu na mafundi walikuwa watatu. Wakaviunganisha vyote kuwa mtandao mmoja, kama nyumba moja yenye vyumba vitatu, na mtambo mmoja ulioko Shinyanga ukawa unavisimamia. Ilikuwa kazi safi, na Ritha haoni haya kusema aliionea fahari.

Kisha biashara ikanoga. Kila machimbo yalipochangamka, kampuni ikapeleka kontena. Mwenzake Enock akahamia Dar es Salaam, wa pili akachukuliwa na mgodi, na nafasi zao hazikujazwa. Vituo vikaongezeka, watu wakapungua, mtambo wa Shinyanga ukabaki ule ule.

"Watu wanadhani mtandao ni kama uji, wageni wakiongezeka unaongeza maji," anasema Ritha. "Mtambo una kikomo chake. Vikiwa vitatu, ulikuwa unavisikiliza kama mama mwenye watoto watatu. Vikifika kumi na moja vyote vinalia kwa pamoja, hujui nani ana njaa na nani kaumia."

Ukimuuliza kuhusu mshahara, anasema si mbaya na hataki kuutaja gazetini. Kinachomkondesha ni kingine. Wahudumu wa nyumba za wageni za Kahama, Ushirombo na Katoro wanamjua kwa namba ya chumba. Anakula peke yake, uso kaelekeza mlangoni, simu ipo kando ya sahani. Hakuna anayempigia kumjulia hali. Wanampigia kitu kikiharibika, na kikitengemaa hakuna anayekumbuka kumwambia asante.

"Nina namba za watu zaidi ya mia nne kwenye hii simu," anasema, akiigeuza mkononi. "Nikiumwa, sijui nimpigie nani."

Mwanawe wa pekee, Blessing, mwenye miaka kumi, analelewa na bibi yake huko Tinde. Ritha aliachana na baba wa mtoto zamani, na alipoanza kulala safarini wiki nzima, akaona mtoto hawezi kuishi na ufunguo wa nyumba shingoni. Tinde iko njiani kabisa, ukitoka Shinyanga kwenda Kahama huwezi kuikwepa. Ndicho kinachomuuma zaidi. Anapita hapo kila mara, na mara nyingi hashuki.

Mwaka jana alishuka. Ilikuwa siku ya Komunyo ya Kwanza ya Blessing, na Ritha alikuwa ameomba ruhusa mapema. Misa haijaisha, simu ikaanza kutetemeka. Vituo vyote kumi na moja vilikuwa vimezimika kwa pamoja.

Akatoka kanisani na gauni lake la sherehe. Alipofika Shinyanga, mtambo wa usimamizi ulikuwa umezidiwa, kila kituo unakionyesha chekundu, hata wenyewe haujui ugonjwa umeanzia wapi. Ikabidi azunguke mwenyewe, kituo kwa kituo. Alianza na Geita kwa kuwa ndiyo kubwa, akafuata Katoro, akafuata vingine. Masumbwe, kituo kidogo kuliko vyote, alikiacha mwisho.

Huko akamkuta mzee Jilala, kontena limefagiwa likang'aa. Wakati anafagia, mzee aliona waya ncha moja imeingia kwenye mtambo wa humo kontenani na nyingine imelala sakafuni. Mzee amechunga ng'ombe tangu akiwa mtoto, na kwake kamba haiachwi chini, inafungwa. Akaona tundu lililo wazi kwenye mtambo ule ule, akaichomeka.

"Nilijua nasaidia," anasema mzee, bado kwa aibu.

Taarifa zikawa zinatoka tundu moja na kuingia jingine, zikazunguka bila kikomo na kuongezeka. Kwa vile vituo vyote vilikuwa nyumba moja, mafuriko ya Masumbwe yakaingia hadi chumba cha mwisho.

Dawa yake Ritha aliipata jikoni kwa mama yake. Mama Esta alikuwa akimsimulia kuhusu kaya ya zamani ya Kisukuma, jinsi kijana akioa anavyokula kwa mama yake kwa muda, kisha mkewe anapewa mafiga yake. "Si kwamba wamefukuzwa," alisema mama. "Bado ni wa kaya ile ile. Ila siku wakiunguza ugali, wanaunguza wa kwao."

Ritha akamwandikia mkuu wake Dar es Salaam, Bwana Bartholomeo, akiomba kila kituo kipewe mtandao wake na usimamizi wake, na Shinyanga ibaki kupokea muhtasari tu. Bwana Bartholomeo alikubali, kwa sharti. Mwakani kuna vituo vinne vipya. Jaribio la Masumbwe, la kuuchomeka tena waya ule ule baada ya vituo kutenganishwa, likifaulu, vitajengwa kwa mtindo huo na upande wa Geita utapata fundi wake, naye Ritha atabaki Shinyanga. Likishindwa, vinne hivyo vitaongezwa juu ya mabega yale yale.

Akibaki Shinyanga, Blessing atahamia kwake Januari shule zikifunguliwa. Yote hayo leo yamo kwenye kidole cha mzee Jilala.

"Chomeka, baba."

Mzee anavua kofia. Anauchukua waya, anautazama kama nyoka, anauchomeka. Kwenye kompyuta alama ya Masumbwe inageuka nyekundu. Zile kumi zilizobaki zinaendelea kuwa kijani, na zinabaki kijani.

"Nimeharibu tena?" anauliza mzee.

"Umeharibu hapa kwako tu, baba," anasema Ritha. "Wabeja sana," anamshukuru kwa Kisukuma.

Mchana anashuka Tinde. Mama Esta anabangua karanga uani. Blessing anatoka ndani, anapiga goti. "Shikamoo, mama." Kisha anarudi ndani, anatoka na kiti, anakifuta vumbi kwa upindo wa sketi yake na kukiweka kivulini. Anamletea maji kwenye kikombe kizuri, kile cha kabatini.

Bibi anatabasamu, mtoto ana adabu. Ritha anakaa, anakunywa, anashukuru. Hivyo ndivyo wanavyopokelewa wageni.

Anamweleza habari za Januari. Mtoto anasikiliza mpaka mwisho.

"Na simu ikilia?"

"Atapokea fundi wa Geita."

"Haya," anasema Blessing kwa upole, kama mtu aliyewahi kuambiwa mengi.

Baadaye, akisubiri gari barabarani, Ritha anasema fundi huyo bado hajaajiriwa na ahadi ya mdomo anaijua. Lakini chumba cha mtoto ameshakipaka rangi.

"Nataka mwakani nirudi jioni kutoka kazini," anasema, "nimkute amekalia kiti changu, na wala asinyanyuke."