Anakimbilia Wapi Saa Sita?

Mimi si mmbea. Anayesema mimi ni mmbea aje akae siku moja kwenye kiti changu hapa getini, tuone kama atapita mtu mbele yake asitake kujua anatoka wapi na anakwenda wapi. Ndiyo kazi yangu hiyo: kufungua geti, kufunga geti, na kupekua mifuko ya wanaotoka wasije wakaondoka na sponji ya kampuni. Kiwanda chetu kinatengeneza magodoro. Watu wa nje hutucheka, eti sisi tunalipwa kwa kulala. Nawaambia njooni mlale basi, halafu mniambie usingizi ulikuwaje na chenga za sponji zimewaingia mpaka puani.

Sasa kulikuwa na huyu binti wa chumba cha kushonea, tuliyekuwa tukimwita Upepo. Kazi yake ni kuzungushia godoro utepe wa pembeni kwa lile cherehani kubwa linalonguruma, na akishakaa pale ni godoro baada ya godoro, mgongo haunyooki. Jina la Upepo alilipata kwa mbio. Kila mwaka viwanda vya hapa mjini hushindana mbio za kupokezana kijiti, na siku zote aliyepewa kijiti cha mwisho upande wetu alikuwa yeye. Aliolewa, akaendelea kukimbia. Akapata mimba, akakimbia mpaka tumbo lenyewe likamwambia basi. Akajifungua mtoto wa kiume, likizo ikaisha, akarudi kazini, na watu wakaanza kumwita Mama Mtoto. Lile la Upepo likafa kimyakimya. Hakuna aliyemuuliza kama amekubali.

Mimi mwenyewe nisingeuliza, kama si mambo ya saa sita. King'ora cha chakula kikilia, wenzake wanatafuta kivuli na mabakuli yao. Yeye anakuja getini na begi mgongoni. Begi lenyewe nililipekua siku ya kwanza tu: viatu vya michezo, basi. Anainama, anavivaa, anakaza kamba, ananiambia, "Mama Geti, nifungulie." Nafungua. Mkono wangu haujatoka kwenye komeo, mtu keshapotea. Anarudi king'ora cha pili kikikaribia, jasho linamchuruzika, anavua viatu, anarudi kwenye cherehani lake. Kusema hasemi.

"Unakimbilia wapi, mwanangu?" nikamuuliza siku moja.

"Kwa bosi," akasema, huyoo.

Kwa bosi! Bosi wetu si yuko ghorofani pale na feni lake? Jamani, niliumwa na neno hilo wiki nzima. Mkata sponji akasema binti kapata kibarua cha pili. Dada wa stoo, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema hapo kuna mume wa mtu. Nikamwambia wewe acha, anayekwenda kwa mwanaume hafungi kamba za viatu namna ile, na harudi ananuka jasho kama mbeba zege. Na kwake haiwezi kuwa. Tulijua wote kwamba anakaa ng'ambo ya bonde, huko ambako hata ukipanda gari unafika umechoka.

Basi macho hayana pazia, na roho yangu haina subira. Siku moja king'ora kikalia, nikamwachia geti mlinzi mwenzangu, nikamwita kijana wa pikipiki aliyezoea kuegesha pale nje. "Mfuate yule," nikamwambia. Akaniuliza kama kaiba. Nikamwambia endesha.

Aisee, yule binti alikuwa anakimbia! Si zile mbio za kuwahi gari. Kichwa kimetulia, mabega yamelala, miguu inagusa chini na kuondoka. Akashika barabara kubwa, akapanda kile kilima cha karakana, akafika kona ya duka la dawa na kukata kushoto bila hata kupunguza mwendo. Kile ni kichochoro kifupi, ukisimama konani unakiona chote. Kwenye mlango wa buluu alikuwa amesimama mwanamke mtu mzima, kamshikilia mtoto mbele kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mzigo usio wake, na mtoto analia mpaka sauti imepasuka. Upepo akampokea, akaketi hapohapo kizingitini, akamnyonyesha. Kimya. Nikashuka kwenye pikipiki, nikasogea. Niliona aibu, lakini sikuondoka.

"Na wewe ni nani?" yule mama akaniuliza.

"Nimepotea njia."

"Umepotea njia na sare ya mlinzi?"

Upepo akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa. "Mama, huyu ni Mama Geti, wa kazini. Mama Geti, huyu ni mama mkwe wangu. Na huyu," akamgusa mtoto shavu, "ndiye bosi."

Nikaambiwa mambo yote. Walikuwa wamehamia kwa mama mkwe tangu mtoto azaliwe, kwa sababu mume anashinda kwenye kazi zake za rangi za nyumba na hakuna mwingine wa kumlea mtoto. Kila asubuhi Upepo anakamua maziwa na kuyaacha. Na kila siku bosi anayakataa. Chupa hataki, kikombe hataki, kijiko anakipiga mkono kinaruka. Anataka mama yake, tena wa motomoto.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza. "Nahodha kakutoa kwenye timu kwa sababu huji mazoezini jioni. Anadhani umekata tamaa."

Nahodha ni fundi umeme wetu, ndiye mwenye timu. Upepo akaangalia viatu vyake.

"Jioni mtoto ananisubiri. Na nikisema, watanionea huruma. Sitaki kuwekwa kwenye timu kwa huruma, Mama Geti. Nataka kijiti changu. Nakitaka mpaka naota."

"Hebu niambie kitu," nikasema, maana hili lilikuwa linanisumbua tangu zamani, mimi ambaye nikikimbia ni mvua tu. "Ukiwa unakimbia unawaza nini?"

"Siwazi. Nikiwa kazini namuwaza mtoto. Nikiwa na mtoto nawaza kazi. Hapa katikati, njiani, nakuwa mimi tu."

Mama mkwe akaguna. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na miguno mingi. Akaniambia, huku mkwewe anasikia, kwamba yeye mambo haya hayapendi. Mzazi anatakiwa kula na kupumzika, si kupanda vilima juani. Nani ajuaye kama maziwa hayachachi humo kwa kutikiswa?

"Tumekubaliana," akasema. "Kama watamrudisha kwenye timu, akimbie mashindano ya mwaka huu, tuone. Akiweza vyote, sawa. Mambo yakimshinda, viatu navifungia kabatini na funguo nakaa nazo mimi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Na wewe umekubali?" nikamuuliza Upepo.

"Nimekubali," akasema. Lakini nilimwona alivyoivuta nyuma miguu yake yenye viatu.

Nilirudi getini roho haijatulia. Kesho yake nikamwambia Nahodha, wewe saa sita njoo usimame hapa, usiulize. Akaja. Akamwona anatoka, akamwona anarudi. Siku iliyofuata akaja amevaa viatu vya mbio, akasema anamfuata ajionee mwenyewe. Haya. Upepo alirudi kama kawaida yake. Nahodha alirudi king'ora kimeshalia, anatembea, kajishika ubavu, uso kama nguo iliyokamuliwa.

"Kile kilima," akaniambia, "anakipanda kila siku?"

"Kila siku. Na akifika juu hapumziki, ananyonyesha."

Jioni ile kijiti cha mwisho kikapata mwenyewe.

Mashindano yalipangwa yaanze asubuhi na mapema, mapema ya kweli, na Upepo akanyonyesha, akaondoka nyumbani na amani yake. Mama mkwe alikataa kuja uwanjani. Alisema hawezi kwenda kushangilia kitu asichokitaka. Mimi nilipewa bendera nyekundu nikasimame kona ya duka la dawa niwaonyeshe wakimbiaji njia, kwa sababu mkondo wa mwisho ulikuwa unaanzia getini kwetu, unapanda kilima, unapita pale konani moja kwa moja, kisha unazunguka mbali na barabara kubwa hadi uwanja wa mpira.

Lakini waheshimiwa walikuwa na hotuba. Akaongea huyu, akaongea yule, akashukuriwa aliyeongea. Jua likapanda nasi tumesimama. Kijiti kilipofika getini kwetu, ilikuwa saa sita.

Nikamwona anaibuka juu ya kilima, yuko mbele! Nyuma yake, mbali, msichana wa kiwanda cha soda, halafu wengine. Nilisahau utu uzima wangu. Bendera niliyopewa nielekeze njia nikaipeperusha hewani kama mwendawazimu, napiga vigelegele, "Upepo! Upepooo!" Mwenyewe hata hakuniona. Macho yake yalikuwa mbali, na mbele ya blauzi yake kulikuwa na mabaka mawili ya maziwa. Akafika konani. Akakata kushoto.

Mama yangu! Hakuna mtu mwingine mji mzima ambaye angefanya kosa lile. Geti lilelile, kilima kilekile, saa ileile: miguu ilikuwa inakwenda inakojua. Nikapiga kelele, "Siko huko! Mwanangu, siko huko!" Watu walikuwa wanashangilia, hasikii. Msichana wa soda akapita. Wa pili akapita. Nikasema viatu ndio vinaingia kabatini hivyo, naviona kwa macho yangu.

Kule kichochoroni mama mkwe alikuwa mlangoni na mtoto, maana naye saa sita ilikuwa imeshamkaa mwilini. Akamwona mkwewe anakuja mbio na kijiti mkononi. Upepo akasimama. Akakiangalia kile kijiti. Nadhani ndipo alipozinduka, kwa sababu alijishika kichwa. Kisha akanyoosha mikono kwa mtoto. Alikuwa ameshakata tamaa, bwana, mgongo wake tu ulinieleza.

Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja, na mtoto.

"Unakuja kufanya nini hapa?" Ile sauti ilifika konani kwangu, nami sikujua kama mwanamke yule ana sauti kubwa hivyo. "Mtoto amekunywa! Amekunywa kwa kijiko! Geuka! Nimesema geuka, wenzako wanakupita!"

Upepo akageuka. Sijawahi kuona mtu anatoka kichochoroni vile. Safari hii bendera yangu ilikuwa imenyooka barabarani, imekaza. Akanipita, upepo wake nikausikia usoni.

Mkimbiaji wa mwisho alipopita nikakimbilia mlango wa buluu nimpe pongezi yule bibi. Nikamkuta anahangaika. Gauni lake lote mbele limelowa maziwa, kikombe kimepinduka kizingitini, kijiko kiko mchangani, na bosi analia kwa hasira mpaka miguu inatetemeka.

"Si ulisema amekunywa?"

"Hajagusa hata tone," akasema. "Usisimame hapo kama mlingoti, mwenzangu. Nibebee shuka la mtoto. Uwanjani ni wapi?"

Tukaenda mbio. Ndiyo, mimi na magoti yangu, na yule bibi na kilio kile kifuani kwake, tukakata njia ya nyuma ya karakana, watu wanatupisha wakidhani tunawahi hospitali. Tulifika uwanjani wakimbiaji wanaingia. Msichana wa soda alikuwa wa kwanza, halali yake. Wa pili, akimkaribia kabisa, kifua mbele, alikuwa Upepo. Akavuka mstari, akamkabidhi Nahodha kijiti bila kumtazama, kwa sababu alikuwa ameshasikia sauti ya mtoto wake. Hakusimama mpaka alipofika kwetu.

Akaketi kwenye nyasi, akanyonyesha. Tukabaki tunasikiliza pumzi yake na mtoto akimeza. Nahodha akaja kuuliza ilikuwaje pale konani; nikamkata jicho, akaenda kushughulika na mambo mengine. Kisha Upepo akainua macho, akaliona gauni la mama mkwe lilivyolowa kutoka shingoni mpaka kiunoni.

"Mama. Ulisema amekunywa."

"Nilisema amekunywa. Sikusema amemeza."

Upepo akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akamlalia mama mkwe begani. Yule bibi hakujua aweke wapi mikono. Mwishowe akauchukua mguu wa binti, akaupakata, akaanza kumfungua kamba za kiatu. Nikakumbuka kabati na funguo, nikajisemea haya, hukumu ndiyo hii.

Akakivua kiatu. Akakigeuza, akakitazama chini, akaibonyeza soli kwa kidole gumba.

"Hiki kimeanza kuachia," akasema. "Mwakani utakimbia na nini?"