Komeo la Mringaringa

Mzungu mwenye shamba la kahawa chini yetu alishasema: ng'ombe ninayemfuga akiingia tena shambani kwake, harudi. Alikuwa hatanii. Jirani yangu alipokonywa wake, akalia mpaka sauti ikakauka. Nami mume wangu yuko Tanga kwenye mkonge, mwanangu miguu haina nguvu, na kitu pekee kilichokaa tumboni mwake ni maziwa. Tena ng'ombe mwenyewe hakuwa wangu. Alikuwa wa shemeji, kaka wa mume wangu, tulipewa tumtunze kama ilivyo desturi yetu Wameru: maziwa na samadi ni vyetu, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe.

Lango letu lilikuwa miti miwili ya kusukuma. Ng'ombe mwizi yule aliisukuma kwa pembe kama ana vidole! Nikafunga kamba, akaitafuna. Nikachonga komeo, akalitelezesha. Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Kisha nikapata akili: komeo la mti wa mringaringa liingie ndani ya nguzo, na kigingi kianguke chenyewe kulibana. Kulifungua, mpaka upenyeze mkono kwenye tundu nyuma ya nguzo, uinue kigingi, ndipo uvute. Pembe haifiki huko. Alihangaika asubuhi nzima, akachoka, akalala. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Siku ya soko nilishuka Usa River kuuza ndizi. Narudi na mtoto mgongoni, namkuta shemeji nje ya lango, jasho linamtoka. Kwetu mwenye ng'ombe huja bila taarifa kumtazama mnyama wake, na hakuna anayemzuia mlangoni.

"Shikamoo, shemeji."

Hakuitikia. "Nimesimama hapa tangu asubuhi, watu wanapita wananicheka. Ng'ombe wangu mwenyewe unanifungia?"

"Jamani, shemeji, sikukufungia wewe! Nilikuwa namwogopa mzungu."

"Fungua. Namchukua."

Nilipiga magoti. Nikamwonyesha mtoto. Akatazama pembeni. Na kwa kuwa hakujua komeo linavyofunguka, ilibidi nipenyeze mkono wangu mwenyewe, niinue kigingi, nivute. Ng'ombe akatoka taratibu, akamfuata.

Jioni mwanangu akaninyooshea kikombe chake. Nikamjazia maji ya moto.