Majina Kumi na Tisa na Neno Moja

Siku ya kwanza kuripoti kazini Garissa nilivaa viatu vya kisigino kirefu. Chekeni tu, wanangu. Mchanga ulivimeza kabla sijafika mlango wa kituo cha tathmini, chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi, na Mratibu wa Kituo, ambaye ndiye angekuwa mkuu wangu, akanitazama miguuni. Mimi ni Mtaita wa Voi, mwalimu wa elimu maalum. Nilikuwa nimetumwa niwe afisa tathmini, yaani mtu wa kumkagua mtoto aone anasikia vipi, anaelewa vipi, anasema vipi, kisha apendekeze akasome wapi na kwa msaada gani. Nilikuwa na kiherehere cha ajabu. Usiku wa kuamkia siku ile sikupata lepe la usingizi.

Mratibu akanikabidhi sanduku la bati. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao vya kupanga, mwanasesere, gari moshi dogo na kadi za picha. Kadi ya juu kabisa ilikuwa keki ya siku ya kuzaliwa, na mishumaa yake.

“Madam,” akaniambia, “sanduku hili limetoka Nairobi. Watoto utakaowapima hawakutoka huko.”

Nikamwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Nikaketi wiki nzima nikachora kadi zangu mwenyewe: ngamia, kibuyu cha maziwa, jerikeni, birika la chai. Nilijipiga kifua kwa ajili ya zile kadi! Nilijiona nimeshaijua Kaskazini Mashariki, na bado hata barabara ya Wajir sikuwa nimeiona.

Mwaka wa pili nikahamishiwa Takaba, huko Mandera Magharibi. Afisa Elimu wa pale alipenda ripoti fupi na nyingi. Alitaka watoto thelathini wawe wamepimwa kabla ya Ijumaa, nami nikajitahidi wafike thelathini na watano. Hapo ndipo nilipokutana na Hodan.

Aliletwa na watu wawili: mama yake, Halima, muuza maziwa ya ngamia sokoni, na ayeyo yake, yaani nyanya mzaa baba. Hodan alikuwa na miaka saba. Ayeyo alikaa katikati akayashika mazungumzo yote. Akasema hii mtoto haina shida, watu wa sokoni ndio wana midomo. Kisha akamgusa mjukuu wake begani.

Hodan, macho chini, akaanza: Hodan, Adan, Issack, Kulow, Hillow. Akapanda na majina hivyo hivyo, la baba, la babu, la baba wa babu, bila kuvuta pumzi, mpaka jina la kumi na tisa. Hiyo Wasomali wanaiita abtirsi, ukoo unaotajwa kwa majina. Kule mtoto hufundishwa majina hayo kabla ya kujua kusoma, kwa sababu akikutana na mgeni nyikani, majina hayo ndiyo kitambulisho chake. Mimi mwenyewe nikishampita babu yangu naanza kubabaika.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikaandika: lugha nzuri sana; kumbukumbu ya ajabu; hatazami mtu usoni, ila ni msichana mwenye adabu mbele ya wakubwa. Nikapendekeza darasa la kawaida. Dakika ishirini tu, nikaita anayefuata.

Halima akanifuata mpaka kwenye gari. Alikuwa na aibu ya Kiswahili chake, akasema polepole.

“Mwalimu, hii mtoto hajawahi niomba maji. Hata siku moja.”

Nikamjibu kwamba mtoto ana haya tu, atazoea, nikafunga mlango wa gari. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi methali hiyo nilikuwa nikiwafundisha wenzangu kwenye semina.

Wiki ya tatu ya muhula, Hodan alikimbia shule. Kengele yao ilikuwa ringi ya lori iliyogongwa kwa nondo, na mlio ule ulimwingia vibaya, akatoka mbio na jua la saa nne. Alipatikana alasiri kwenye kisima cha mbali. Alikuwa amekaa hatua chache kutoka mahali ngamia walipokuwa wakinyweshwa, midomo imepasuka, maji yanamwagika mbele ya macho yake. Wachungaji wakamwuliza yeye ni wa nani. Akawapa majina yote kumi na tisa. Kwa majina hayo wakaijua nyumba yao, wakamnywesha, wakamrudisha juu ya ngamia. Lakini neno maji hakulisema.

Nilipofika kwao nilimkuta amefungwa kamba kiunoni, na kamba imefungwa kwenye nguzo ya nyumba. Halima hakunificha. Alisema yeye lazima aende sokoni, na mtoto akikimbia tena ataletewa maiti. Nilienda kwa mwalimu mkuu, naye akaniambia wazi kwamba hatampokea tena mtoto anayeweza kufa kwa kiu uani mwake bila kumwambia mtu. Basi mambo yakawa mawili, kamba au neno moja. Na mimi ndiye niliyeandika kwamba lugha yake ni nzuri sana.

Nikampigia Mratibu simu Garissa, nikamweleza yote bila kujitetea. 

“Madam, ulipima anachokijua,” akasema. “Hukupima akihitaji kitu anakipata vipi. Rudi. Sanduku liache. Kaa nao mpaka wakuchoke.”

Nikakaa siku nne. Na hapa, nyinyi mnaoanza kazi, sikilizeni. Nilichukua chupa ya maji nikakaza kifuniko, nikaiweka mbele ya Hodan, nikangoja. Hakunitazama wala hakuniomba. Aliushika mkono wangu akauweka juu ya kifuniko, kama mtu anayechukua koleo kufungua kitu. Nikaona pia anapanga makopo ya maziwa ya mama yake kwa mstari, na ukisogeza moja anaumia kweli kweli. Yote hayo yalikuwapo siku ile ya kwanza, mimi nikawa nashangilia majina.

Tukasafiri hadi Garissa, na daktari wa watoto akathibitisha: usonji. Ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, inayobadilisha jinsi anavyowasiliana, anavyosikia kelele na anavyoshika mazoea yake. Halima akaniuliza kama si jini. Si jini, nikamwambia. Akauliza kama si kwa sababu alibeba mitungi akiwa na mimba. Hapana, mama, si wewe. Akajifunika shela usoni, akacheka na kulia kwa pamoja, nami nikalia palepale mbele ya daktari.

Tuliporudi Takaba ikabaki kazi ya lile neno. Nilimfundisha kwa kadi, kama nilivyosomea: mtoto akupe picha ya jerikeni, umpe maji. Hodan alizichukua kadi zangu nzuri akazipanga kwa mstari, basi. Siku ya kumi nilikuwa nimechoka. Ayeyo, aliyekuwa akitutazama muda wote na tasbihi yake mkononi, akanisogeza.

“Wewe nafundisha yeye kama mgeni,” akasema. “Mimi nafundisha yeye kama mjukuu.”

Akachukua kikombe cha maji, akaanza abtirsi. Lakini mbele ya majina akaweka neno moja. Biyo, Hodan, Adan, Issack, Kulow. Biyo ni maji kwa Kisomali. Akisema biyo, anampa mtoto funda moja. Akarudia, akarudia, asubuhi yote, na kesho yake tena. Siku ya tatu akaanza makusudi bila lile neno: Hodan, Adan. Hodan akashtuka. Mnyororo ulikuwa umekatika, na hilo hakuliweza. Akamziba nyanyake mdomo kwa mkono.

“Biyo,” akasema.

Lo! Nilirusha daftari juu. Halima aliyaacha maziwa yachemke mpaka yakamwagika, na hakuna aliyejali. Mwalimu mkuu akampokea tena, na kwa mwezi mzima Hodan aliomba maji kwa abtirsi nzima, biyo kisha majina yote kumi na tisa, na darasa zima likimngoja amalize ndipo apewe kikombe. Watoto wenzake waliishia kuukariri ukoo wake. Ile kamba Halima aliitumia kufungia jerikeni juu ya punda.

Baadaye nilihudumu Dadaab, kisha nikarudi Garissa, na mwisho nikakikalia kiti cha Mratibu mwenyewe. Kila fomu iliyopita mikononi mwangu niliiandikia kwa kalamu swali la kwanza kabisa: mtoto huyu anaombaje maji? Wakubwa walinung'unika kwamba nachafua fomu. Niliendelea kuzichafua.

Na Hodan? Leo ni mwanamke mzima, yuko soko la mifugo hapa Garissa, anaandikisha ngamia kwenye kishikwambi. Alama za moto zilizochomwa shingoni mwa ngamia anazijua zote, ya ukoo upi na ya nyumba ipi. Hufika kabla ya kelele kuanza, huvaa vizibo vya masikio, na ukitaka kumwuliza jambo umwandikie ujumbe, maana simu hapokei. Wachuuzi wamezoea. Kudanganya kuhusu ngamia ni wa nani wameacha, kwa sababu hajui kumfichia mtu aibu.

Nilistaafu mwaka jana. Watu huniuliza najivunia nini, nami huwaambia kwamba nilikosea mapema, nikiwa bado na nguvu za kurudi. Waliniandalia sherehe chini ya turubai kituoni. Mkurugenzi wa Elimu alihutubia, msaidizi wake akahutubia, kisha Mkurugenzi akakumbuka jambo akasimama tena. Katikati ya maneno yake Hodan akainuka, vizibo masikioni, akapita mbele ya meza kuu bila kumtazama mtu, akasimama mbele yangu na chupa ya maji. Kifuniko alikuwa ameshakifungua.

“Mwalimu,” akasema, “una kiu?”

Sikuwa na kiu. Nikainywa yote.